Siku Niliyoirudisha Chai ya Posa

Nakumbuka kikombe kimoja cha chai, mwanangu, kilichobakisha kidogo tu kivunje harusi ya binti yangu. Nilikiinua mbele ya wageni kutoka Bisil, harufu yake tamu ikanipiga puani, nikakirudisha mezani bila kukitia mdomoni. Na wageni wenyewe ndio walikuwa wamekuja kuposa! Hata leo nikisimulia mwili unanisisimka, maana siku ile furaha na hofu ziliingia nyumbani kwangu kwa mlango mmoja. Vuta kiti ukae. Hadithi hii naipenda kuliko zote nilizo nazo, na labda wewe leo unaihitaji.

Mimi ni mama maziwa. Hapa Kitengela ukiuliza Mama Nyokabi wa maziwa, hata mtoto mdogo atakuonyesha mlango wangu. Kazi hii niliianza nikiwa msichana kule Kimuka, ambako wazazi wangu, Wakikuyu, walihamia kutoka upande wa Murang'a. Alfajiri nilikuwa nabeba mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vile mama zetu walivyobeba kuni, napanda mlima hadi Ngong kabla jua halijapata maziwa. Na sikuwa natembea, mwanangu. Nilikuwa nakimbia kwa adabu. Nilipoolewa nikaletwa Kitengela, nilibadilisha barabara tu, miguu ikabaki ile ile. Hadi leo nazunguka mitaa kwa miguu, lango kwa lango. Watoto wangu walitaka kunitafutia pikipiki nikakataa. Nitapiga umbea na wateja wangu vipi nikiwa juu ya pikipiki?

Lakini kazi hii iko na mtego wake, na huwezi kuujua mpaka uifanye. Mtu akipokea maziwa asubuhi, anawasha jiko. Akiwasha jiko, anapika chai kwa maziwa yale yale. Na kabla hujageuka unasikia, "Mama Nyokabi, huwezi kwenda hivyo, shika kikombe." Sasa utakataa? Ukikataa chai ya maziwa yako mwenyewe, mteja anaanza kujiuliza umeyatia nini! Kwa hivyo nilikunywa. Lango hili kikombe, lango lile kikombe na vipande vya mkate, na kila kikombe sukari imejaa mpaka kijiko kinasimama. Nilikunywa hivyo miaka na miaka, nikiamini kwamba mtu anayetembea kama mimi hawezi kupatwa na kitu.

Basi Nyokabi, binti yangu wa kwanza, akapata mchumba. Kijana wa Kimaasai anaitwa Lemayian, watu wa Bisil, na kijana mwenyewe anakusalimia kwa kukuinamishia kichwa umguse, mpaka unatamani kumsalimia tena. Nilimpenda siku ya kwanza. Niliwatangazia wateja wote kabla hata mume wangu hajakubali.

Posa ikiwa karibu, kanisani kwetu wakaja watu wa afya kupima watu bure. Nilikwenda kwa mbwembwe, mimi nilikuwa na furaha tu siku hizo, ungeniambia twende kupimwa urefu ningekwenda. Sista mmoja, muuguzi, akanichoma kidole, akanifunga mkono kwa ile mashini ya presha, akaangalia, akaangalia tena. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, sukari kwenye damu imepita kawaida. Bado si ugonjwa wa kisukari, lakini nimeshika njia ya kwenda huko. La pili, moyo wangu unapiga polepole, hamsini na kidogo kwa dakika, wakati watu wengi wakitulia huwa sitini kwenda juu. Akasema niende kliniki nikapimwe vizuri. Alikuwa ameanza kunieleza, lakini nyuma yangu foleni ilikuwa imefika langoni, watu wanasukumana, na akili yangu iko kwa hema na masufuria ya posa. Nikashika la moyo, nikaacha la sukari pale pale kwenye benchi. Mtu akisikia habari ya moyo, mwanangu, masikio yanajifunga kwa mengine yote.

Nikajiona nimelazwa kwa sanduku wiki ya harusi, watu wanakula chakula cha harusi na cha matanga kwa sahani moja.

Nilimwambia mtu mmoja tu, jirani yangu Mama Mutua, Mkamba wa Machakos, rafiki wa chanda na pete.

"Uui! Moyo unaenda pole?" akashika kifua chake mwenyewe. "Huo umechoka, Mama Nyokabi. Umeutembeza sana. Gari likikosa nguvu kwa mlima unafanya nini? Si unaongeza mafuta?"

"Mafuta gani sasa?"

"Glukosi! Na soda ukiwa barabarani. Utaona vile huo moyo utaamka."

Nikaamini. Na kwa nini nisiamini? Huku kwetu mgonjwa akilazwa tunampelekea nini? Glukosi na soda. Mama akijifungua je? Glukosi na soda. Hata mtu akifiwa akaanguka, mtu anakimbia dukani kuleta soda. Tumelelewa tukijua kwamba utamu ni nguvu. Basi nikanunua pakiti ya glukosi nikaificha nyuma ya unga. Nilikoroga asubuhi, nikakoroga jioni, na katikati nikanywa chai za malango yangu kama kawaida. Kila saa naweka vidole kwenye mkono nisikie kama moyo umeongeza mwendo. Wapi! Ulikuwa unakwenda zake tu, pole pole, hauna habari na mimi.

Utaniuliza, mbona sikumwambia mume wangu? Hapo ndipo penye mfupa. Kwetu, kabla watu hawajachukuana, wazee huulizana kwa siri: nyumba ile iko na ugonjwa gani? Wachumba wangapi wameachana kwa neno moja lililonong'onwa sokoni! Na mama yangu mzazi aliondoka duniani kwa sukari, kila mtu wa Kimuka anajua. Sasa na mimi nimetajiwa sukari ile niliyoipuuza, tena niko na moyo. Wakisikia kule Bisil, si watasema msichana huyu anatoka kwa damu mbovu? Nikaapa kunyamaza mpaka binti yangu avishwe pete. Nilijiona mama mwerevu sana.

Lakini mtoto wa kike ana macho. Nyokabi alikuwa anatafuta unga wa chapati, akaibuka na ile pakiti.

"Mami, hii ni ya nani?"

"Ni ya moyo."

"Moyo gani unalambishwa glukosi?"

Hakungoja jibu. Alinishika mkono, na huyo, hadi kliniki, wageni wakiwa wamebakisha siku chache tu wafike.

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, sawa na kitinda mimba wangu. Akanipima sukari, ikawa imepanda kuliko ile ya kanisani. Akanilaza, akanibandika waya kifuani, mashini ikachora milima yake. Halafu akaanza maswali. Nasikia kizunguzungu? Hapana. Nimewahi kuzirai? Hapana. Pumzi inakata nikipanda mlima? Kijana, mimi mlima naupanda nikiimba. Kifua kinauma? Hapana. Natumia dawa yoyote? Nikamwambia situmii dawa, isipokuwa glukosi ya kuamsha moyo. Alicheka mpaka akavua miwani, na Nyokabi akaficha uso wake kwa aibu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Nikamweleza habari za mtungi, na Kimuka, na mlima wa Ngong, na malango.

"Mama, moyo wako haujachoka," akasema. "Huo umefanya mazoezi tangu usichana mpaka ukapata nguvu. Pigo lake moja linasukuma damu nyingi, kwa hivyo hauna haja ya haraka. Ungeniambia unazirai au unakosa pumzi, hapo ningeogopa. Lakini huna dalili hata moja, na kipimo kimetoka kizuri."

Mwanangu, niliruka kutoka kwa kile kitanda na waya zikiwa bado zinaning'inia! "Kwa hivyo mimi ni mzima!"

"Keti, mama," akaniambia, na sasa hakuwa anacheka. "Moyo ni mzima. Sukari si sawa. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Miguu yako imeusaidia moyo, lakini miguu haijui mdomo umekunywa nini. Umekuwa unatibu mahali pasipouma, kwa kitu kinachokuletea ugonjwa."

Hapo nikakaa. Nilimfikiria mama yangu, vile macho yake yalivyofifia mpaka akawa ananitambua kwa sauti, na machozi yakaanza kunitoka. Daktari akanisogezea kiti chake. Akaniambia mama yangu pengine hakupata mtu wa kumwambia mapema, lakini mimi nimeambiwa mapema, na kitu hiki kikishikwa mapema kinaweza kurudi chini. Niache sukari kwenye chai. Niache soda na hiyo glukosi. Nipunguze mkate mweupe na ule mlima wa ugali, nijaze sahani mboga na maharagwe, nisiache kutembea, halafu nirudi kupimwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa nimeonyeshwa ufa ukiwa bado mdogo wa kuzibwa kwa kidole.

Ai, nilitoka pale nikicheka na kulia! Barabarani nikaapa mbele ya Nyokabi kwamba sukari haitapita tena mdomoni mwangu. Na mimi nikiapa nimeapa, muulize mume wangu. Nyokabi alitaka kumpigia Lemayian simu hapo hapo amweleze yote. Nikamwambia akithubutu nitalala mlangoni wageni wanikanyage. Akanyamaza, lakini hakufurahi.

Siku ikafika. Wacha! Ungekuwepo! Tulisikia nyimbo kabla hatujaona watu. Wanawake wa Bisil walikuja kwa kuimba tangu barabarani, shanga zinang'ara, mashuka mekundu yamejaza njia, na wanawake wetu wakatoka na vigelegele kuwapokea. "Takwenya!" "Iko!" Nilikuwa nimejifunza salamu hizo za Kimaa wiki nzima, nikizifanyia mazoezi kwa wateja. Walileta mablanketi, walileta asali, walileta gunia la sukari limebebwa begani na kijana mmoja, na nyuma kabisa akaja mama mzee mwembamba na fimbo yake, amekumbatia kibuyu cha maziwa kwa mkono mmoja kama mtoto. Huyo alikuwa nyanya yake Lemayian. Wote walimwita Koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita nyanya. Alichechemea kidogo, na mguu mmoja ulikuwa na kiatu kikubwa kuliko cha mwingine. Sikukitilia maanani.

Msemaji wao alikuwa mjomba wake Lemayian, Mzee Parmuat, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nyokabi alikuwa chumbani na wasichana wenzake, mlango umefungwa mpaka aitwe, ndiyo desturi. Wanawake wao wakaingia jikoni kwangu na sukari yao, wakapika chai. Mimi nakaa pale mbele nimevaa kitenge kipya, nacheka na kila mtu, sijui kinachonijia.

Mzee Parmuat akasimama. "Nyumbani kwetu tuko na desturi moja," akasema. "Kabla hatujaongea mambo mengine, mama wa msichana anaonja kilichotoka kwetu. Akionja, ametupokea. Asipoonja, hatugombani na mtu. Tunabeba vitu vyetu tunarudi."

Na kikombe kikawekwa mbele yangu.

Nilikiinua. Ile chai ilikuwa tamu mpaka puani. Najua unachotaka kusema: si ungegusisha mdomo tu, kidogo kingekuua? Hakingeniua, hata daktari alinicheka baadaye kwa hilo. Lakini kiapo kipya kina moto, mwanangu, na mimi machoni nilikuwa namwona mama yangu akipapasa ukuta kutafuta mlango. Nikakirudisha mezani.

"Onja, Mama Nyokabi," mume wangu akaninong'oneza, ameshika kiwiko changu.

"Mama," Mzee Parmuat akauliza polepole, "tumekosa wapi?"

Na mimi, Mungu nisamehe, katika maneno yote ya Kiswahili niliyofundishwa, nikachagua kusema, "Asanteni, nimeshiba."

Nimeshiba! Mtu amekuja kuomba mkono wa binti yako unamwambia umeshiba! Mzee Parmuat akachukua fimbo yake. Wazee wawili wakasimama, mwingine akatingisha kichwa akimwangalia yule kijana wa gunia, kama kusema libebe tena. Lemayian alikuwa ameinamisha uso. Hapo tukasikia mlango wa chumbani ukipigwa kwa ngumi kutoka ndani.

"Mami! Waambie! Aki ya Mungu, waambie!"

Sauti ya mtoto wako ikipasuka hivyo, utafanya nini? Werevu wangu wote ukaisha.

"Niko na sukari!" nikapiga kelele. "Si kisukari chenyewe, ni njia ya kwenda kisukari! Mama yangu aliondoka na hiyo! Na moyo wangu unapiga pole, lakini daktari amesema huo uko sawa, nilikuwa naulisha glukosi bure! Nimeapa kuacha sukari ndiyo maana sikuonja! Sasa mmejua nyumba yetu iko na nini. Kama mnaondoka, muondoke kwa sababu hiyo, lakini msiseme binti yangu aliwakataa, maana huyo mtoto anampenda kijana wenu mpaka hali chakula!"

Mume wangu alinigeukia kama mtu aliyeona mke mgeni. Hakujua hata neno moja katika hayo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lile la wageni.

Halafu nikasikia fimbo, ko, ko, sakafuni. Koko alikuwa amenyanyuka. Akaja mpaka mbele yangu, akaashiria aletewe kigoda, akaketi, akakivua kile kiatu kikubwa.

Vidole viwili havikuwepo.

"Angalia," akaniambia. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno linakanyaga chini. "Vidole hivi vililiwa na sukari. Daktari aliniambia mapema, kama wewe. Mimi nikanyamaza. Nikasema, watoto watasema mama amezeeka, watanitoa kwa ng'ombe. Nikaendelea na chai yangu. Siku moja nikachomwa na mwiba, mwiba mdogo tu, sikusikia. Kidonda kikakataa kupona. Vidole vikabaki hospitali."

Nikaanza kusema pole. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Kuacha chai si kosa. Kosa ni kutuficha. Ungesema tu, 'Koko, mimi sukari hapana.' Tungepika bila sukari, hiyo ni kazi gani? Na huyu mzee wako ungemwambia, angekutafutia mboga. Ulikuwa unatuogopa sisi, ukaacha kuogopa ugonjwa."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeisikia methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini siku ile ndiyo niliiona ikiwa imekaa kwenye kigoda mbele yangu, imevua kiatu.

Halafu mama yule akageuka, na sasa macho yake yakawa na uchokozi.

"Parmuat! Keti chini. Desturi inasema mama aonje nini?"

"Kilichotoka kwetu, Koko."

"Sukari ilitoka kwetu?"

"Tumeileta sisi..."

"Kwetu kuna kiwanda cha sukari? Uliitoa wapi?"

Mzee Parmuat akakuna kidevu. "Dukani. Pale Bisil."

"Duka la nani?"

Ile sauti ya kuitia ng'ombe ikapotea kabisa. "La... la yule Mkikuyu wa Nyeri."

Mwanangu! Sebule ililipuka! Wetu wakacheka, wao wakacheka, mume wangu akashika mbavu, na Koko mwenyewe uso mkavu, hacheki.

"Umemletea mama sukari ya watu wake mwenyewe, halafu unamkasirikia kwa nini haionji? Leta kibuyu."

Wakaleta kile kibuyu alichokuja amekikumbatia. Koko akakifungua mwenyewe, akanimiminia maziwa kwenye kifuniko chake. Maziwa ya ng'ombe wao, yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, mazito, yenye uchachu kidogo na harufu ya moshi. Nikanywa. Nikafunga macho nikanywa tena, mpaka yakaisha. Na mdomo huu wangu, mdomo wa mama maziwa ambaye ameonja maziwa ya kila aina tangu usichana, ukafunguka wenyewe ukasema kwa sauti:

"Haya maziwa hayana maji!"

Kumbe nilikuwa nimetoa sifa kubwa kuliko yoyote waliyotarajia. Wanawake wa Bisil wakaruka juu kwa wimbo, wetu wakajibu kwa vigelegele, Lemayian akajifuta macho kwa shuka lake bila haya. Mlango wa chumbani ukafunguliwa kabla ya wakati wake na Nyokabi akatoka mbio, desturi au hakuna desturi, akaniangukia shingoni. Mzee Parmuat akapiga sakafu kwa fimbo yake akijifanya amekasirika: "Kwani mama alidhani sisi tunaongeza maji?" Na mume wangu akamjibu, "Mzee, huyu anashuku hata mvua." Kisha akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Jioni tutaongea mimi na wewe." Tuliongea. Alilia, mwanangu, mzee mzima, kwamba nilibeba mzigo ule peke yangu na yeye amelala ubavuni mwangu.

Kabla hawajaondoka, Koko alinishika mkono akatafuta mshipa kwa vidole vyake. "Mzee wangu alifuata ng'ombe mpaka Namanga akarudi kwa miguu, moyo wake ulienda hivi. Lakini wewe daktari ameupima?" Nikasema ameupima. "Haya. Lemayian ana bahati, amepata mama mkwe asiye na haraka." Akanirushia mate kidogo kifuani, ile baraka yao, nami nikaona nimepakwa mafuta ya kanisani.

Sasa malango yangu yote wanajua. Nilipita nikiwaambia mmoja mmoja, "Chai nataka, sukari sitaki, na maziwa yangu hayana kitu." Unajua hakuna hata mmoja aliyenuna? Wengine walijitokeza kuniambia na wao yao, waliyokuwa wameyaficha kama mimi. Mama Mutua nilimburuta kliniki nikamlipa kwa yale mafuta yake ya gari. Na mimi niliporudi kupimwa, si mara moja, polepole, sukari ilishuka mpaka daktari akanipa mkono. Naendelea kupimwa, maana ufa uliozibwa hutazamwa kila mvua. Moyo nao bado unakwenda mwendo wake ule ule.

Basi, mwanangu, nikuachie neno. Ukiambiwa sukari imeanza kupanda, usilie na usidharau kwa sababu hakuna panapouma. Huo ni wakati mzuri kuliko wote wa kuambiwa, kwa sababu mlango wa kurudi ungali wazi. Ukiambiwa moyo unapiga polepole, usiutafutie dawa kwa jirani, na usijigambe pia kwamba wewe ni mkimbiaji huwezi kuugua. Nenda kwa daktari aulize maswali yake. Mguu wenye nguvu, moyo wenye nguvu, vyote haviwezi kukuondolea sukari uliyoinywa kwenye chai. Na ukianza kusikia kizunguzungu, au ukazirai, au pumzi ikakukatika, au kifua kikauma, usingoje kesho. Lakini kubwa kuliko yote ni lile la Koko: usiwaogope watu wako kuliko ugonjwa wako. Wale unaodhani watakukimbia ndio watakaokusogezea kibuyu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe miguu ya kukupeleka mbali, na macho ya kukurudisha nyumbani. Akupe moyo mtulivu na damu safi, uwaone wajukuu wako na uwatambue kwa sura, si kwa sauti. Akupe wa kukuambia kweli mapema, akupe na sikio la kuisikia. Kwa kina Koko mtu akibarikiwa anaitikia, "Naai," yaani Ee Mungu. Itikia basi.

Haya. Sasa inuka, nenda ukamwambie yule anayekukorogea chai ulichoambiwa na daktari.